Wewe unayepiga kinanda bila noti, koncheto hii ya 1739 inakuhusu

KAMA wewe ndiye mpiga kinanda wa kanisa lenu, iwe ni Free Area, Section 58, Njoro au kule Molo kwenye baridi, kuna kazi moja unayoijua vizuri ambayo haijaandikwa popote. Mhubiri amemaliza. Kwaya bado inapanga mistari. Maikrofoni imekataa kuwaka. Mzee wa kanisa anakutupia jicho, na maana ya jicho hilo ni moja tu: jaza.

Basi unaanza kuchapa kitu polepole, bila karatasi na bila mazoezi, mpaka watu wawe tayari. Hakuna anayekupigia makofi. Wengi hata hawajui kwamba umetunga muziki papo hapo.

Sasa sikia hii. Mnamo Aprili 4, 1739, katika ukumbi wa King's Theatre jijini London, mwanamume wa miaka 54 alikalia ogani akafanya kazi inayofanana sana na yako. Jina lake ni George Frideric Handel, yule yule aliyetunga "Haleluya" ambayo kwaya nyingi za Nakuru huimba Krismasi na Pasaka. Alichopiga usiku ule kinaitwa koncheto, yaani muziki ambapo chombo kimoja kinajibizana na kundi zima la vyombo vingine, kama soloisti na waitikiaji wake.

Pengine umewahi kuambiwa kwamba huo ni muziki wa wazungu na wasomi, na kwamba mtu anayepiga "kwa masikio" hawezi kuugusa. Usikubali haraka. Sehemu nzuri ya muziki huo haikuandikwa kamwe. Mtunzi mwenyewe aliacha nafasi tupu kwenye karatasi, na nafasi hizo zilijazwa na ujuzi ambao wewe tayari unao.

Ilikuwa hasla kwanza

Handel hakuzaliwa Uingereza. Alizaliwa 1685 katika mji wa Halle, Ujerumani, akaenda London akiwa kijana, na akapata uraia wa Uingereza mwaka wa 1727. Biashara yake kubwa ilikuwa opera za Kiitaliano. Mambo yalikwenda vizuri kwa muda, kisha mwaka wa 1733 wapinzani wakaanzisha kampuni yao ya opera mjini humo humo. Mwaka uliofuata wakamleta Farinelli, mwimbaji Mwitaliano aliyekuwa gumzo la Ulaya nzima. Handel hakuwa na mwimbaji wa kumpinga huyo.

Alikuwa na nini? Alikuwa na vidole vyake.

Katika msimu wa Kwaresima wa 1735, kwenye ukumbi wa Covent Garden, alianza kupanga maonyesho yake hivi: kwaya inaimba oratorio, yaani hadithi ndefu, mara nyingi ya Biblia, inayoimbwa bila mavazi ya kuigiza. Kati ya sehemu moja na nyingine, yeye mwenyewe anakaa kwenye ogani na kupiga koncheto pamoja na okestra. Kabla ya hapo koncheto nyingi zilikuwa za vayolini. Handel alichukua pengo la katikati ya onyesho akaligeuza kuwa kivutio. Watu walikuja kusikiliza kwaya na pia kumwona mzee mwenyewe akichapa.

Mnamo 1738 mchapishaji John Walsh alitoa koncheto sita za kwanza katika kitabu kimoja, zikiwa zimeandikiwa "hapsikodi au ogani". Humo Handel alitia tangazo lenye jina lake, akisema kwamba amesahihisha nakala hizo kwa mkono wake na kwamba Walsh peke yake ndiye aliyepewa haki. Kwa nini? Kwa sababu nakala mbovu za muziki wake zilikuwa zikizagaa. Wewe ambaye wimbo wako uliwahi kurekodiwa kwa simu na kupandishwa mtandaoni na mtu mwingine, unaelewa hasira hiyo bila kufafanuliwa.

Kuna jambo jingine la kukumbuka kuhusu tarehe hiyo ya 1739. Miaka miwili tu kabla yake, mwezi Aprili 1737, Handel alipatwa na ugonjwa uliopooza mkono wake wa kulia. Alikwenda kutibiwa kwenye chemchemi za maji moto za Aachen, Ujerumani, akarudi anapiga tena. Mkono uliocheza na ndege kwenye koncheto tunayoizungumzia ulikuwa umewahi kukataa kusogea.

Ndege wawili ndani ya kinanda

Koncheto ya Aprili 1739 iko katika ufunguo wa F meja na ina vipande vinne: polepole, haraka, polepole, haraka. Watu wameipachika jina la ndege wawili, kekeo na naitingeli, kwa sababu katika kipande cha pili ogani inawaigiza.

Kekeo wa Ulaya ana noti mbili tu, ya juu kisha ya chini, takriban kama mtu anayeimba soh halafu mi. Handel alizichukua noti hizo mbili akazirudia, akazibadilishia mahali, akaziacha zigongane na vayolini. Naitingeli ni ndege mdogo wa kahawia anayejulikana kwa kuimba usiku, na wimbo wake ni wa mitetemo na mikunjo mingi. Huyo Handel alimpa vidole vinavyokimbia.

Ukiishi Njoro, Elburgon au Subukia, ndege wa jamii ya kekeo si mgeni kwako. Yupo yule wa kifua chekundu ambaye watu wengi wanamjua kwa sauti tu: noti tatu zinazoshuka, tena na tena, mawingu yanapoanza kujikusanya. Wakulima wengi wanamwita ndege wa mvua. Wa Handel ana noti mbili, wetu ana tatu, lakini ukoo ni mmoja.

Na hao ndege "wa Uingereza" si wa Uingereza mwaka mzima. Kekeo wa Ulaya na naitingeli huhama kila baridi inapoingia huko kwao, wakaja kuishi Afrika kwa miezi kadhaa. Hapa Kenya, jamaa wa naitingeli hunaswa kwa nyavu za watafiti kule Ngulia, Tsavo, wakavishwa pete za utambulisho na kuachiliwa waendelee na safari. Kwa hiyo muziki huo unaosemekana kuwa wa mbali umetungwa juu ya ndege ambao nusu ya maisha yao iko barani kwetu.

Usiku ule wa Aprili, oratorio iliyoimbwa ilikuwa mpya pia: ilihusu Waisraeli wakiwa Misri, pamoja na mapigo ya vyura, nzige na giza. Ilikuwa na kwaya nyingi sana na nyimbo chache za mtu mmoja, na wasikilizaji wa London hawakuipokea vizuri. Hebu fikiria ukumbi umechoka kwa mapigo ya Misri, halafu kinanda kinaanza kulia kama kekeo.

Handel hakutupa wazo zuri baada ya kulitumia mara moja. Mwezi Oktoba mwaka huo huo alipokuwa akiandika seti ya koncheto 12 za vyombo vya nyuzi, kazi iliyomchukua takriban mwezi mmoja, alirudi kwenye koncheto hii ya ndege, akachukua sehemu zake na kuzipanga upya katika ile ya tisa. Leo tungesema amefanya rimiksi ya kazi yake mwenyewe.

Maneno mawili yaliyoachwa kwenye karatasi

Sasa tufike kwenye kiini. Ukifungua noti za koncheto za ogani za Handel, utakuta mahali ambapo mistari ya ogani inaisha ghafla na pameandikwa maneno mawili ya Kilatini: ad libitum. Maana yake ni "upendavyo". Okestra inanyamaza. Mpiga ogani anatakiwa kutunga papo hapo, kisha awarudishe wenzake ndani. Katika koncheto za baadaye, ambazo zilichapishwa mwaka wa 1761 akiwa tayari amekufa, nafasi hizo ni nyingi zaidi. Kuna vipande vizima ambavyo havipo kwenye karatasi.

Kwa nini ziliongezeka? Sababu moja ni kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1750 Handel alipofuka. Hakuweza tena kuandika wala kusoma noti, lakini hakuacha kupiga. Charles Burney, mwanamuziki na mwandishi wa historia ya muziki aliyemfahamu, ameeleza walivyofanya: okestra ilipewa mifupa tu ya muziki, Handel akapiga sehemu zake zote kutoka kichwani, na wenzake wakasubiri ishara. Ishara yenyewe ilikuwa noti mbili za jirani zinazopigwa kwa kupokezana haraka haraka, mtetemo mrefu. Wakiusikia, wanajua zamu yao imefika.

Wewe una mtetemo wako pia. Kuna ile kodi (si ya KRA, ya muziki) unayoishikilia kwa muda mrefu kidogo ili mpiga ngoma ajue mnarudi kwenye kiitikio. Kuna lile jicho unalompa mpiga besi. Wanamuziki wa London waliovaa mawigi walifanya vivyo hivyo.

"Wani, foo, faivu" ya miaka 300 iliyopita

Hapa ndipo wapiga kinanda wengi wa kanisani hushangaa. Mnapofanya mazoezi, kiongozi wa sifa hasemi "piga C meja, halafu F meja". Anasema namba: wani, foo, faivu, rudi siksi. Akibadilisha ufunguo dakika ya mwisho, namba hazibadiliki, na wewe unasonga nazo.

Wanamuziki wa enzi ya Baroki, yaani takriban kati ya 1600 na 1750, nao waliishi kwa namba. Mtu wa hapsikodi hakuandikiwa kila noti. Alipewa mstari mmoja wa besi wa mkono wa kushoto, na juu au chini ya noti hizo kulikuwa na tarakimu ndogo. Mkono wa kulia ulijaza kodi kwa akili yake mwenyewe.

Tofauti ni moja, na ni muhimu uielewe mapema. Namba zenu zinahesabu kutoka kwenye ufunguo: ukiwa ufunguo wa C, wani ni C, foo ni F, faivu ni G. Namba zao zilihesabu kutoka kwenye noti ya besi yenyewe. Mfano: besi ni E, na juu yake kuna 6. Hesabu kuanzia E: E, F, G, A, B, C. Ya sita ni C. Ongeza G, ambayo ni ya tatu kutoka E, na umepata E, G na C. Hiyo ni kodi ya C meja iliyokalia E. Bila shaka unaipiga kila Jumapili. Hukuwa tu na jina la jinsi wenzako wa 1739 walivyoiandika.

Kwa hivyo anayekuambia kwamba kupiga kwa namba na masikio ni ujinga wa mtaani, hajui historia. Hiyo ilikuwa elimu rasmi ya mpiga kinanda wa Ulaya.

Lakini usishangilie mapema. Watu hao walijua namba na noti pia. Sikio liliwapa uhuru wa kujaza nafasi. Karatasi iliwawezesha kufika mahali ambapo sikio pekee halingewafikisha, na ndiyo sababu sisi tunaweza kupiga koncheto ya Aprili 1739 leo ilhali hakuna hata mmoja aliyerekodi. Yale aliyoyatunga Handel kwenye zile nafasi tupu yamepotea kabisa. Jiulize ni nyimbo ngapi nzuri ulizozijaza Jumapili iliyopita, na ziko wapi leo.

Kijana kipofu ambaye Handel alikwenda kumsikiliza

Kama unadhani hakuna njia kwa mtu asiyeweza kusoma noti, mfahamu John Stanley. Alizaliwa London mwaka wa 1712. Akiwa na miaka kama miwili hivi alianguka nyumbani na bakuli la kauri mkononi, na ajali hiyo ikampofusha karibu kabisa. Alisoma muziki kwa kusikiliza. Akiwa na miaka 11 aliajiriwa kupiga ogani katika kanisa moja la London. Akiwa na miaka 17 alipata shahada ya muziki ya Oxford.

Mwaka wa 1734 akawa mpiga ogani wa Temple Church, na wanamuziki wakubwa wa mji, Handel akiwemo, walikuwa wakienda huko kumsikiliza. Ilisemwa kwamba angesikia kazi ndefu ikipigwa mara moja tu, akaikariri. Alitunga koncheto zake mwenyewe, zikiwemo za kinanda zilizochapishwa 1775, na mwaka wa 1779 akawa mkuu wa wanamuziki wa mfalme.

Hakuwa na breli, kwa kuwa ilikuwa haijabuniwa. Alikuwa na watu wa kumpigia na kumwandikia, na nidhamu ya kukaa kwenye kiti hicho kila siku. Kipaji kilikuwepo, ndiyo. Ila kilichomfikisha huko ni kwamba mtu alikiona kipaji hicho akiwa mdogo, na kanisa likamlipa kwa kazi yake.

Ogani ya Njoro ilikuwa ya nani?

Hatuwezi kuzungumzia ogani na Nakuru bila kupita Njoro. Hapo kuna lile jumba la mawe ambalo shule nyingi hulizuru, Lord Egerton Castle. Maurice Egerton, lodi wa nne wa ukoo huo wa Tatton, Uingereza, alianza kulijenga 1938 na likamalizika 1954. Lina vyumba zaidi ya 50, na katika ukumbi wake wa dansi kuna ogani. Miaka minne baada ya jumba kukamilika, mwenyewe akafariki. Leo linasimamiwa na Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho chenyewe kilianza 1939 kama shule ya kilimo ya vijana wa walowezi.

Hadithi unayoisikia ukitembezwa pale ni ya mapenzi yaliyovunjika: kwamba alimjengea mwanamke jumba, akakataliwa, na tangu hapo akawapiga wanawake marufuku. Basi ijue na hii. Kule Tatton Park, nyumba ya ukoo wake katika jimbo la Cheshire, kuna hapsikodi iliyotengenezwa na mafundi wa ukoo wa Kirckman wa London, pamoja na rafu za vitabu vya muziki vya karne ya 18 na ya 19. Vingi vya vitabu hivyo vilikuwa vya mwanamke, Elizabeth Sykes, aliyeolewa katika ukoo wa Egerton mwaka wa 1806. Mchapishaji Walsh aliposema "hapsikodi au ogani", wateja aliowalenga ni nyumba kama hizo, ambako mabinti walifundishwa kinanda na wangeweza kupiga koncheto nzima sebuleni bila okestra. Ukoo uliofundisha wanawake kinanda ndio uliomzaa mtu anayesimuliwa kuwafungia nje ya ukumbi wenye ogani.

Na si wanawake tu waliofungiwa. Enzi hizo eneo hili la Rift Valley ya kati lilikuwa ndani ya zile White Highlands, ambako Mwafrika aliruhusiwa kuishi kama mfanyakazi, si kama mwenye ardhi. Kwa hiyo ukihisi muziki huu una harufu ya kufuli na lango, pua yako haijakosea.

Tena harufu hiyo ni ya zamani zaidi. Mwanahistoria wa muziki David Hunter alipopekua kumbukumbu za fedha za wakati huo, alikuta jina la Handel miongoni mwa watu walionunua hisa za Royal African Company, kampuni iliyosafirisha Waafrika kutoka Afrika Magharibi na kuwauza utumwani. Hilo halifutiki kwa sababu "Haleluya" ni tamu.

Lakini London hiyo hiyo ilikuwa na Mwafrika aliyeitwa Ignatius Sancho. Alizaliwa yapata 1729, na inasimuliwa kwamba alizaliwa ndani ya meli ya watumwa. Alikulia Uingereza kama mtumishi, akajifunza kusoma, akafungua duka, na mwaka wa 1774 akapiga kura ya ubunge, Mwafrika wa kwanza anayejulikana kufanya hivyo nchini humo. Katika miaka ya 1760 alichapisha vitabu vya muziki wa dansi wa kupigwa kwa vayolini, filimbi na hapsikodi. Kwenye jalada hakuandika jina lake. Liliandikwa tu kwamba mtunzi ni Mwafrika.

Kwa hivyo swali la kama muziki huu "ni wetu" lilijibiwa zaidi ya miaka 250 iliyopita na mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuuchukia.

Sasa ufanye nini?

Kwanza, sikiliza. Tafuta koncheto ya Handel ya ogani katika F, namba 13, kisha ruka hadi kipande cha pili. Ni dakika chache na haitamaliza bando lako. Sikiliza mara ya kwanza ukimfuata kekeo tu. Mara ya pili, fuata besi.

Pili, pakua noti. Handel alikufa mwaka wa 1759, kwa hiyo hakuna anayemiliki haki za utunzi wake. Maktaba ya mtandaoni ya IMSLP inazo bila malipo. Kumbuka tu kwamba video na rekodi za wanamuziki wa leo zina wenyewe.

Tatu, angalia kibodi ya kanisa lenu. Ogani nyingi za Uingereza za wakati huo hazikuwa na kinanda cha miguu, kwa hivyo sehemu kubwa ya koncheto hizi inapigika kwa mikono miwili kwenye kibodi ya kawaida ya vibonye 61. Kama kibodi yenu inafuata mpangilio wa kimataifa wa MIDI, namba 7 ni hapsikodi na namba 20 ni ogani ya kanisa. Ukipiga hapsikodi utagundua kitu: hata ukibonyeza kwa nguvu, katika chombo chenyewe sauti haiongezeki. Piano hugonga waya kwa nyundo, lakini hapsikodi huukwanyua kwa ncha ndogo, kama kucha ya mpiga gitaa. Ndiyo maana Wabaroki walipenda mitetemo na mapambo mengi. Hawakuwa na njia nyingine ya kuifanya noti moja ing'ae kuliko jirani yake.

Nne, kama unajua solfa, tayari umefika nusu ya safari. Kwaya nyingi za Kenya hujifunza hata "Haleluya" kwa do, re, mi. Katika koncheto hii F ndiyo do yako. Chukua mistari minne tu ya besi, iandike kwa solfa, kisha ilinganishe na noti za mistari mitano. Fanya hivyo wiki tatu na utashangaa macho yako yanavyoanza kuelewa.

Tano, na hili ni kwa walio shuleni: mtaala mpya umeweka Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari ya juu, na Gredi ya 10 ya kwanza iliingia madarasani Januari 2026. Muziki umo. Kabla hujauchagua au kuukataa, uliza shule mambo mawili: ina mwalimu wa muziki, na ina chombo cha kufanyia mazoezi? Mkondo kwenye karatasi bila vitu hivyo viwili utakuumiza. Baada ya shule, si lazima uhame kaunti ili usome zaidi, maana Chuo Kikuu cha Kabarak kina shahada ya muziki. Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa 1944, na kule Korogocho mradi wa Ghetto Classics, ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge, umefundisha vijana wa mtaa kusoma noti na kupiga katika okestra.

Hakuna anayekuahidi utajiri hapa. Handel mwenyewe alipata hasara kwenye opera kabla mambo yake hayajatengemaa, na wapiga kinanda wengi wa makanisa yetu bado wanalipwa nauli na "Mungu akubariki". Hilo ni jambo la kuzungumza na wazee wa kanisa kwa heshima lakini bila kuzunguka. Kanisa linaloweza kuchanga pesa za spika mpya linaweza kumlipia kijana mmoja masomo ya noti kwa mwaka. Wapelekee ombi hilo kwa maandishi, na useme wazi ni kiasi gani na ni kwa mwalimu gani.

Wakati ukisubiri jibu, washa simu unapofanya mazoezi na ujirekodi kila unapojaza. Kisha jaribu kuandika noti nane tu za kwanza za kile ulichopiga, kwa solfa, kwa namba au kwa mistari mitano, vyovyote uwezavyo. Wiki ijayo andika nane nyingine.